Vespa ya Mahari Yangu (Sehemu ya Saba)

Mliniacha nimesimama kwenye maegesho ya magari pale Vickery Meadow, Dallas, mfuko wa kazini begani, naangalia doa la mafuta mahali ilipokuwa Vespa yangu.

Doa tu. Vespa haipo.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, naitwa Kudra. Nilizaliwa Unguja. Shule niliiacha darasa la tano mama alipougua, na nikizungumza najifunika mdomo kwa ncha ya mtandio, kwa hiyo wapo wanaoniita bubu. Baba alishinda bahati nasibu ya green card akanileta Texas, kisha akafa kabla hata hatujaizoea baridi ya viyoyozi vya madukani. Nikabaki kwa ami yangu, Mzee Shaame, mdogo wake baba. Yeye ndiye walii wangu, ndiye aliyeniozesha. Mume wangu, Khatib, anaishi Houston. Nikahi tumeshafungiwa msikitini Richardson. Kupelekwa kwa mume bado.

Nilipoulizwa nataka mahari gani, wanaume wote sebuleni walitega masikio wasikie dhahabu.

Nikasema, "Vespa."

Ami alicheka mpaka chai ikampalia.

Khatib hakucheka. Alitaka kuninunulia Primavera mpya, ile isiyo na gia, akasema ndiyo inayowafaa kina dada. Nikatikisa kichwa. Nilitaka PX, ya gia za mkononi, kama ile ya baba. Utotoni nilikuwa nikisimama mbele, katikati ya magoti yake, mikono yangu juu ya usukani na yake juu ya yangu. Baba alikuwa akisema yule Mtaliano aliyeibuni Vespa lazima alikuwa na shemeji Mzanzibari, maana ndicho chombo pekee unachopanda na kanzu nyeupe ukashuka nayo bado nyeupe.

Khatib akaitafuta mpaka akaipata Houston. PX 150, rangi ya samawati, kioo kimoja kimeng'olewa. Akaileta juu ya pikapu, akanikabidhi ufunguo mbele ya mashahidi. "Hii ni mahari yako, Kudra. Mali yako peke yako." Leseni ya pikipiki nilikuwa nimeshaipata, baada ya kufeli na kurudia.

Hata tangi la kwanza la mafuta sijalimaliza, Vespa haipo.

Nilipanda ngazi mbili mbili. Mke wa ami, Bi Zuwena, alikuwa jikoni anakaanga sambusa.

"Vespa yangu iko wapi?"

"Vua viatu kwanza."

Nikavua. "Bi Zuwena, iko wapi?"

"Kachukua Makame."

Makame ni mtoto wake. Ana miaka ya kutosha kuwa na watoto wawili, na kila mwezi ana biashara mpya.

"Kachukua kwenda nayo wapi?"

"Kwenye shughuli zake. Mwenzio anatafuta riziki."

"Na kwa nini asitafute kwa miguu yake?"

Bi Zuwena akageuka na mwiko mkononi. Hajazoea kunisikia nikisema maneno mengi hivyo. "Weye mtoto, si uliulizwa?"

"Nani kaniuliza?"

"Ami yako. Hapa hapa, kwenye chakula. Kakwambia, Kudra, weye unakwenda kwa mumeo, mumeo ana gari, ile Vespa si uiache tu, yaishe? Ukanyamaza."

Nikakumbuka. Nilikuwa nakula samaki.

"Nilikuwa na mwiba kooni!"

"Basi mwiba ndio uliokubali."

Akageukia mafuta yake.

Wasomaji wangu, wengi wenu mnaijua desturi hii. Mwari akiulizwa kama anamtaka mume fulani, akainamisha kichwa asiseme kitu, watu huhesabu amekubali. Wanamsitiri haya zake. Hata mimi niliozwa hivyo na sikuona ubaya, kwa sababu Khatib nilimtaka. Lakini nyumbani kwa ami kimya changu wamekifanya muhuri. Wanaugonga popote. Kudra kanyamaza, kakubali kulala sebuleni. Kudra kanyamaza, kakubali zamu ya kuosha vyombo. Kudra ana mwiba kooni, katoa mahari yake!

"Hebu usinune," Bi Zuwena akasema, akanisogezea simu yake. "Tazama Makame alivyoipamba ulipokuwa kazini."

Nikatazama.

Vespa yangu ilikuwa imezungushiwa maua ya plastiki tangu taa mpaka kiti. Juu ya kiti alikaa bi harusi nisiyemjua, shela linaburura chini. Picha iliyofuata, bi harusi mwingine. Iliyofuata, mwingine, kavua viatu na miguu kaiweka juu ya ngao ya mbele, lile bati linalokinga miguu na upepo. Chini Makame ameandika: Vespa ya maharusi, tunakuja popote, Dallas, Fort Worth mpaka Houston.

Nikaikuza picha. Kwenye ngao kulikuwa na kibao cha kupongeza maharusi. Hakikufungwa kwa kamba. Kilikuwa na skrubu mbili.

Ameitoboa.

Nilihisi kama mtu kanitoboa mimi. Mabibi harusi wa mji mzima wameikalia mahari yangu, na mimi mwenyewe bi harusi ninakwenda kazini kwa basi.

* * *

Nilimpigia Khatib nikiwa bafuni, bomba nimelifungulia ili nisisikike. Yeye ni mtu wa maabara hospitalini. Simu huifungia kabatini akiwa kazini. Kwa bahati alikuwa mapumziko.

"Khatib, Makame anaikodisha Vespa yangu kwa maharusi."

"Yako?"

"Umeshasahau?"

"Kudra, si uliisamehe?"

Nikafunga bomba.

"Niliisamehe nini?"

"Mahari. Ami yako alinipigia. Akasema umekaa ukafikiri, ukaona una mume mwema, ukanisamehe mahari yako kwa ridhaa yako. Nikaona haya hata kukuuliza. Nikamwambia basi, kama imerudi kwangu, Makame aipande kwenda kazini mpaka uje huku."

Hapo ndipo nilipoelewa walivyonizunguka. Mke akimsamehe mumewe mahari kwa moyo wake, dini inaruhusu. Ami alikijua hicho. Hakuniibia. Aliniingiza kwenye wema nisioufanya, kisha mtoto wake akapanda juu ya wema huo akaenda nao.

"Khatib, mimi sijasamehe chochote."

"Hukusema?"

"Nilikuwa na mwiba kooni!"

"Mwiba gani?"

"Wa samaki!"

Nilisikia anavyohema. Khatib ni mpole, lakini upole wake ukiisha huisha wote kwa mkupuo. "Wamenidanganya mimi. Mimi! Na kadi ya Vespa bado ina jina langu, tulikabidhiana kwa maneno tu. Sawa. Niachie mimi. Huyo Makame atajua mimi ni nani."

"Khatib, usifanye kitu kabla hatuja..."

Alishakata.

Mume wangu naye hajangoja jibu langu. Ningemtupia bomba la maji.

* * *

Avelina ni Mhaya wa Bukoba, tunafunga naye maboksi kwenye ghala moja Mesquite. Mimi sina sauti, yeye anazo mbili. Jumamosi mchana alinipakia kwenye gari lake tukaenda White Rock Lake, maana Makame alikuwa ametangaza mwenyewe kwamba atakuwepo na Vespa.

"Huyo binamu yako ana biashara au ana laana?" Avelina akauliza njiani.

"Vyote."

"Ukifika unasema nini?"

"Sijui."

"Mama yangu wee. Rudia nyuma yangu: Nipe Vespa yangu, mbwa wewe."

"Nipe Vespa yangu."

"Na mbwa?"

"Mbwa siwezi."

Tukawakuta kwenye majani karibu na maji. Bi harusi alikuwa Mkenya, nesi, anaitwa Nyaboke. Amekaa upande upande kwenye kiti changu, gauni limefunika ubavu mzima wa Vespa. Mumewe, Wanjohi, kashika usukani kama mtu aliyeombwa kumshikia jirani mbuzi. Mpiga picha, kijana anaitwa Sheldon, kapiga goti. Makame kavaa suti nyeusi, kitambaa mkononi, anafuta vumbi kwenye taa. Kwenye mahari yangu. Kama vile ameizaa yeye.

Avelina akanisukuma mgongoni.

"Makame," nikasema.

Hakusikia.

"Makame! Wateremshe watu."

Akageuka, akatabasamu meno yote. "Oh, Kudra! Karibu. Tuko kazini kidogo."

"Wateremshe kwenye mahari yangu."

Sheldon akainua kichwa. "Kuna shida? Jua linaenda, guys."

"Hakuna shida," Makame akasema. "Ni mdogo wangu huyu. Anapenda sana picha."

"Ngoja kwanza." Nyaboke aliinua mkono wenye maua. "Amesema mahari? Hii kitu ni dowry yake?"

Avelina hakungoja niulizwe mara mbili. "Ndiyo! Umeikalia mahari ya mwenzio, na shela juu!"

Nyaboke aliruka kutoka kwenye kiti kama amekalia jiko la mkaa. "Wooi! Makame, hukuniambia! Mimi siwezi anza ndoa nimekalia mahari ya mwanamke mwingine! Wanjohi, toa mkono hapo!"

"Babe, tumelipia mpaka jioni," Wanjohi akasema.

"Basi oa hiyo jioni!"

Wasimamizi wa bi harusi wakacheka. Sheldon hakucheka, alitazama jua. Makame akapunga kile kitambaa chake. "Jamani, tulieni. Mwenyewe alishairudisha kwa mumewe, mumewe kanipa mimi. Familia yote inajua."

Nyaboke akanisogelea. Alikuwa mrefu, na kwa vile viatu alikuwa mrefu zaidi, lakini aliinama. "Siz, niambie mimi. Ni yako ama si yako?"

Wote wakanitazama. Wasimamizi, Wanjohi, Sheldon na kamera yake, watu wanaotembeza mbwa. Nilivuta mtandio mdomoni. Neno lilikuwepo, nililihisi kabisa, limekaa nyuma ya meno. Halikutoka.

Makame akasubiri. Kisha akatabasamu yale meno yote.

"Mnaona? Mwenyewe hana neno."

Akaisukuma Vespa yangu kwenye pikapu, maua yanadondoka, akaifunga kamba na kuondoka. Nilimwangalia mpaka akapotea. Nilimchukia yeye, nikamchukia ami, nikauchukia na mdomo wangu mwenyewe ulionisaliti hadharani.

"Ukiipata hiyo sauti," Nyaboke akaniambia, ananipa tishu kutoka kwenye kifua cha gauni lake, "usiwape hawa watu nafasi tena. Hata kidogo."

Wanjohi akauliza sasa picha watapigia wapi.

"Kwa mti! Si kuna miti?"

* * *

Avelina ndiye aliyempigia Maalim, yule aliyetufungisha nikahi. Akampigia mbele yangu, akiwa bado kwenye usukani, na yeye ni Mkristo wa kwaya. "Maalim, samahani, mimi si wa msikitini kwako, lakini mtoto wenu huku anadhulumiwa."

Maalim ni kijana tu, anafanya kazi ya kompyuta Richardson, na kila wakati ana haraka. Jumapili baada ya Adhuhuri akaja nyumbani kwa ami. Alimwandikia Khatib pia, lakini Khatib alikuwa zamu, simu kabatini.

Kabla hajaingia, ami alinivuta kwenye korido.

"Nisikilize vizuri. Ukisema hukusamehe, umenifanya mimi muongo mbele ya Maalim."

Nikavuta mtandio mdomoni.

"Na mtu anayenifanya muongo halali nyumbani kwangu. Umenisikia?"

Nilimsikia. Nyumba yenyewe ni sofa, lakini ndiyo niliyonayo katika mji huu.

Tukakaa. Ami kwenye kiti chake, Makame kando yake, mimi sakafuni karibu na mlango wa jikoni. Bi Zuwena alileta sambusa akarudi jikoni, lakini mlango aliuacha wazi. Maalim alichukua sambusa moja, akaishika tu bila kula.

"Mzee Shaame, nieleze. Kudra amesamehe mahari yake?"

"Amesamehe."

"Nani alimsikia?"

"Alinyamaza, Maalim. Si unamjua alivyo? Msichana mwenye haya."

"Sijauliza alivyo. Nani alimsikia akisema nimesamehe?"

Ami akacheka kidogo, kicheko cha kumkumbusha mtu umri wake. "Maalim, wewe mwenyewe umemuozesha kwa kimya chake. Mbona siku ile hukuuliza nani kasikia?"

"Kwenye nikahi tunamsitiri haya zake. Mali haitoki kwa haya." Maalim alielekeza ile sambusa dirishani. "Lile gari lako la chini, jeupe, nikikuomba sasa hivi ukanyamaza, niondoke nalo?"

Bi Zuwena aliangua kicheko jikoni, kisha akakohoa ili kionekane kikohozi.

Makame akaingilia. "Lakini Maalim, mimi nimeshaiwekea maua, nimeitangaza, nina watu mpaka Houston wananingoja. Nimeipandisha thamani!"

"Umeipandisha mabibi harusi," Maalim akasema. Akanigeukia. "Kudra. Sitaki kichwa kuinama wala kutikisika. Nataka neno. Umemsamehe Khatib mahari yako?"

Ami alinikazia macho. Sikuhitaji kumtazama nijue anasema nini kwa macho yale.

"Sikusamehe," nikasema ndani ya mtandio.

"Kasemaje?" Makame akauliza. "Mimi sijasikia. Baba, umesikia kitu?"

Sijui niwaelezeje. Ni yale maneno, umesikia kitu, na ile sauti ya utani aliyoyasemea. Niliutoa mtandio mdomoni.

"SIKUSAMEHE!"

Maalim aliiangusha sambusa.

"Sikusamehe kiti! Sikusamehe taa! Sikusamehe hata upepo uliomo kwenye magurudumu! Niliulizwa nikiwa na mwiba wa samaki kooni, nikawa nahangaika nisife mbele yenu, na nyinyi mkakaa mnagawana mali yangu! Ami, mimi nimeomba kitu kimoja tu tangu baba afe. Kimoja! Na wewe, Makame, umetoboa matundu mawili kwenye ngao. Utayaziba kwa mkono wako, na ukishindwa kuyaziba utakaa mbele yake na suti yako nyeusi uzuie upepo!"

Nilikuwa nimesimama, sikumbuki nimesimama lini.

Maalim akafuta mkono kwa leso. "Nimesikia. Mahari ni ya Kudra. Makame, toa ufunguo."

Makame akautupa kwenye zulia. Nikauokota.

"Na sasa," ami akasema polepole, "toka nyumbani kwangu."

"Mzee Shaame, hapo umezidi," Maalim akasema.

"Nyumba ni yangu au nayo tuiitie mashahidi?"

Sikungoja waendelee. Nguo zangu zote huingia mfuko mmoja, hiyo ndiyo faida ya kulala sebuleni. Bi Zuwena alitoka jikoni akanitazama ninavyofunga. Nikamwambia kwaheri. Nikashuka ngazi.

* * *

Vespa ilikuwa maegeshoni, kando ya pikapu ya Makame. Niling'oa maua niliyoweza kuyang'oa, mengine yakabaki kwenye kioo. Nikafungua koki ya mafuta chini ya kiti, nikakanyaga kiki. Ikakataa. Nikakanyaga tena. Ikaitika, ule mlio wake wa kukoroma, na ule moshi wenye harufu ya baba akirudi kutoka kazini.

Niliweka mfuko mbele, katikati ya miguu yangu, mahali nilipokuwa nasimama mimi.

Nilipanga kwenda kwa Avelina, Mesquite, kwa njia za ndani. Nilipita mataa ya kwanza, gia ya pili, ya tatu, mtandio unapiga mabegani, na nikiwa peke yangu juu ya mahari yangu nikarudia kwa sauti, sikusamehe, sikusamehe, mpaka likawa kama wimbo. Mzee mmoja kwenye kituo cha basi alinipungia mkono. Nami nikampungia! Mimi!

Kisha nikaona taa nyekundu na buluu kwenye kioo, katikati ya maua.

Nikasimama pembeni. Askari aliteremka, akaniambia nizime, mikono niiweke juu ya usukani niiache hapo hapo. Alikuwa mtulivu. Aliongea taratibu aliposikia Kiingereza changu.

"Pikipiki hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Namba hii imeripotiwa kuibwa. Mwenye kadi ni Khatib Vuai, wa Houston. Unamfahamu?"

Niachie mimi, alisema. Atajua mimi ni nani.

"Mume wangu."

Askari akanitazama, akayatazama maua. "Mume wako ameripoti kwamba umeiba?"

"Hapana. Si mimi."

"Najua si wewe. Ametaja jina la mwanamume." Alirudi kwenye gari lake, akatazama kioo cha kompyuta, akarudi. "Nataka nisikie kwako. Nani alikuwa nayo kabla yako? Nani kakupa ufunguo?"

Simu ilianza kutikisika ndani ya mfuko, kwenye miguu yangu. Nilijua ni Khatib, katoka zamu, kasoma ujumbe wa Maalim. Mikono yangu ilikuwa juu ya usukani. Simu ikatikisika, ikanyamaza, ikaanza tena.

Nilimkasirikia Makame kwa namna ambayo sijawahi kumkasirikia mtu. Lakini Makame hana uraia bado. Kesi ya wizi, na Makame anarudishwa Unguja na pingu. Kwa Vespa? Na nikisema mume wangu amekosea kuripoti, nani atakayefungwa, yeye?

"Dada, nakuuliza. Nani?"

"Ni mambo ya familia," nikasema. "Mahari. Ni yangu, lakini kadi..." Kiingereza kikaniishia hapo. Hakuna neno nililolijua la kumwambia mtu huyu kwamba kitu ni chako kwa Mungu na kwa mashahidi, na bado kwa Texas ni cha mumeo.

Nyuma ya gari la polisi pikapu ikasimama.

Nikaijua. Makame akateremka, bado na shati la jana, vidude vya muziki masikioni, mkononi kashika kitu cheusi cha duara. Ilikuwa kofia yangu ngumu. Niliiacha mlangoni kwa hasira, naye kanifuata nayo. Kitu chema cha kwanza alichonifanyia tangu nimjue.

Askari akageuka. "Simama hapo! Weka chini hicho ulichoshika!"

Makame hakusikia. Alikuwa anatikisa kichwa kwa muziki wake, anakuja, ananyoosha kile kitu cheusi mbele.

"Nimesema simama!"

Mkono wa askari ukashuka kiunoni.

Makame akaendelea kuja, anatabasamu yale meno yote.

Sikufikiri. Nilipiga kelele, sauti ikatoka kubwa kuliko ya Avelina, kubwa kuliko ile ya sebuleni.

"MAKAME! SIMAMA!"

Akasimama. Akang'oa kidude kimoja sikioni, akaona askari, akaona mkono ulipo. Kofia ikamwanguka, ikabingirika mpaka kwenye tairi la Vespa.

Askari akashusha pumzi. Mkono wake ukatoka kwenye bastola. Kisha akanigeukia mimi, taratibu, kama mtu aliyekumbuka kitu.

"Umemwitaje?"

Nikafumba mdomo.

"Makame," akalisema yeye mwenyewe, vizuri kabisa, kama mtu aliyetoka kulisoma sasa hivi. Akachomoa pingu. "Ndilo jina alilotaja mumeo."